Ulisema Vekta, Baba Akasikia Trekta

Kaka Masanja,

Sikuulizi hali. Hali yako nimeiona kwenye video: umenenepa kidogo, mvi zimeanza juu ya masikio, koti limekukaa vizuri, na Kiingereza chako hakina tena hata chembe ya kijiji chetu, Bukundi. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu nimekuandikia mpaka vidole vimechoka. Kila ujumbe uliufungua, tiki zikawa za bluu, halafu kimya. Mtu anayesoma na kunyamaza huwezi kusema hapatikani. Nimeona tuongee mbele za watu, maana siku hizi ndiko unakokupenda.

Jambo lenyewe unalijua. Baba ametutoka, na lile shamba la bondeni alilokuwa akiliita la Masanja likabaki halina mtu. Nililiomba mimi, binti yake. Baba mdogo Maduhu na wazee wa ukoo wakasema haliwezi kutoka mpaka wewe mwenyewe useme neno, kwa kuwa baba alilitenga kwa jina lako. Neno moja tu, hata kwa simu. Hilo ndilo nililokuwa nakuomba katika jumbe zote zile.

Unakumbuka siku ulipopiga simu mjini Mwanhuzi? Ulikuwa umeshamaliza chuo na kupata nafasi ya kwenda Japani, na ulituma habari kwamba Jumamosi utapiga dukani kwa Hamisi, kwenye simu yake ya mezani. Mimi na baba tulitoka Bukundi alfajiri kwa baiskeli, yeye anaendesha, mimi nimekaa nyuma na sare ya shule ili nionekane mtu wa maana. Baba alishika ule mkono wa simu kwa mikono miwili. Alikuwa anapiga kelele, kama ilivyo kawaida ya mtu ambaye hajazoea kuongea na asiyemwona. "Eeh! Unasomea nini? Kompyuta za nini? Trekta? Eeh, trekta! Wabeja sana, ng'wanawane, asante sana, mwanangu!" Halafu laini ikakatika, na mzee wetu akageuka akawaangalia wateja wa Hamisi mmoja mmoja, macho yamemlowa, akawaambia mwanawe anakwenda Japani kusomea matrekta yanayoendeshwa na kompyuta.

Ulikuwa umesema vekta. Mimi mwenyewe sikulijua neno hilo wakati ule, nilikuwa bado kidato cha pili. Lakini nani wilayani kwetu Meatu angesikia vekta? Kwetu mtu anaamka anawaza plau, anawaza maksai, anawaza udongo mweusi ambao mvua ikizidi unashika miguu na jua likizidi unapasuka. Sikio linasikia lile linaloliombea. Kufika jioni Bukundi nzima ilikuwa inajua, na kufika Jumatatu baba alikuwa ameshapewa jina: Mzee Trekta. Alilipokea kwa kicheko. Na wiki ileile alichukua shoka na sururu akaenda bondeni kuanza kung'oa visiki vya migunga, kwa sababu plau ikigonga kisiki unaizungusha tu, ila trekta ikigonga kisiki inavunjika.

Ulirudi mara moja tu baada ya hapo, ulipokuwa umeshaanza kazi kwenye kituo chao cha utabiri wa hali ya hewa. Watu walijaa uwanjani kwetu kama siku ya harusi. Ukashuka kwenye basi na begi moja la mgongoni. Baba alikupokea, akakukumbatia, halafu akaangalia barabarani nyuma yako akauliza, "Hiyo trekta iko nyuma?"

Ulicheka, kaka. Ulicheka mpaka ukashika tumbo, mbele ya watu wote wale. Nilikuangalia nikadhani utaacha, hukuacha.

Nitakupa haki yako: baadaye ulikaa ukaeleza, na ulieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumpata. Ulimwambia baba achukue ngoma yake, yeye aliyekuwa anapigia watu bugobogobo, ngoma yetu ya jembe. Ulisema, "Baba, ukipiga pigo moja, majembe mangapi yanashuka?" Akasema yote. "Humwambii kila mtu peke yake: wewe inua, wewe shusha?" Akasema mtu wa namna hiyo angepigwa mawe, maana jua lingezama na tuta moja halijakwisha. Ukasema basi, mashine yangu ndiyo hiyo. Amri moja, safu nzima ya namba inashuka pamoja. Wahandisi wanaiita safu hiyo vekta. Baba akafikiri, akauliza kitu kimoja: mtu akichoka katikati ya safu inakuwaje? Ukasema namba hazichoki. Akaguna.

Na ukampa lile swali linalosemekana kuulizwa na yule Mmarekani aliyezibuni hizo mashine, kwamba ukiwa na shamba la kulima ungechagua kipi, maksai wawili wenye nguvu au kuku elfu moja na kidogo? Baba alicheka machozi. "Huyo Mzungu alizaliwa Meatu," akasema. "Kuku elfu moja nani atawafunga nira?" Kwa muda wa mlo mmoja mlikuwa baba na mwana tena, mnakula matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, kutoka sahani moja, mkigongana mabega. Siku ile niliamua nitasoma hesabu. Leo nafundisha hesabu sekondari hapa Bariadi, na kila mwaka nikiandika ubaoni kwamba vekta ni kitu chenye ukubwa na mwelekeo, nakufikiria wewe. Ukubwa umepata.

Ulipoondoka, baba alirudi bondeni na sururu yake. Nilimuuliza kwa nini anaendelea na ameshaelezwa. Akasema, "Mayu, mama, nimemsikia vizuri. Hakuna trekta. Lakini shamba lisilo na visiki halijawahi kumdhuru mtu. Masanja akirudi atalima hata kwa plau." Akaendelea hivyo, kiangazi baada ya kiangazi. Vikubwa alivizungushia kinyesi kikavu cha ng'ombe akavichoma taratibu mpaka mizizi. Watu walipita wakimtania, naye akiwajibu utani kwa utani.

Kwa miaka michache ulipiga simu. Baadaye ukapiga mara moja ukasema wameizima mashine yenu, wameleta nyingine ya aina tofauti, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyefiwa. Baba alikupa pole, akaniagiza niseme sala kwa ajili yako. Baada ya hapo ukaanza kuadimika. Nilijifariji kwamba ni aibu, kwamba kazi imekuharibikia, na mwanaume wa kwetu kazi ikimharibikia hujificha kwanza. Nilikutetea kwa wazee. Nilikutetea mpaka nikaonekana mjinga.

Halafu baba akapata kiharusi, upande wa kulia wote ukalala. Nikamleta hapa Bariadi, nyumbani kwangu. Nilikutumia habari, ukajibu, "Mpe pole, niko kwenye maandalizi ya kitu kikubwa, nitapiga." Fimbo ya mbali haiui nyoka, najua, na sikutegemea uje umgeuze kitandani. Nilitegemea upige.

Hicho kitu kikubwa tulikiona. Jumapili moja mchana mwalimu mwenzangu wa somo la kompyuta alinitumia video, akaandika, "Huyu si kaka yako?" Ukumbi mkubwa, watu wamejaa, na nyuma yako maandishi: historia ya kompyuta kubwa za vekta. Baba alikuwa amelala kwenye kochi. Aliposikia sauti akainua kichwa. "Huyo Masanja?" Nikamwinua, nikamwekea mto mgongoni, nikashika simu mbele yetu wote wawili. Hajui Kiingereza, lakini alikaa akakuangalia kwa zaidi ya nusu saa bila kukohoa.

Ulianza vizuri, sikatai. Ulisema kompyuta za zamani zilikuwa zinaamrishwa namba kwa namba: chukua hii, chukua ile, jumlisha, weka pale, halafu upya. Wahandisi wakaona kwamba kazi nzito za dunia, mawingu, bawa la ndege, mlipuko wa bomu, zote ni safu ndefu za namba zinazofanyiwa jambo lilelile, basi amri itolewe mara moja. Mashine za kwanza za namna hiyo zilichota safu kutoka kumbukumbu kuu, zikachelewa kushika kasi, na safu ikiwa fupi kazi inakwisha kabla hazijachangamka. Ndipo miaka ya sabini yule Mmarekani akaweka ndani ya mashine yenyewe vihifadhi vidogo vya haraka, kila kimoja kinabeba namba sitini na nne, kazi ikawa inafanyika humohumo. Ukaonyesha picha yake: mnara mfupi ulio wazi upande mmoja, chini umezungukwa na viti vya ngozi kama sebule ya tajiri. Ukasema mnara ulipindwa vile ili nyaya ziwe fupi, kwa sababu hata umeme unachelewa njia ikiwa ndefu. Nikacheka peke yangu pale, kicheko kibaya. Kutoka uliko mpaka Bukundi, ni kitu gani kisingechelewa?

Ukaendelea na joto, kwamba ndilo lilikuwa adui mkubwa, mpaka mashine moja iliyofuata ikazamishwa nzima ndani ya kimiminika kisichopitisha umeme. Ukasema Wajapani walivyoingia na kuwashtua Wamarekani. Ukasema kuku walivyoshinda: vichakato vidogo vya bei rahisi, vilevile vya kompyuta za mezani, vikaunganishwa maelfu kwa maelfu, na serikali zilizokuwa zinanunua maksai kwa ajili ya vita baridi zikafunga mifuko. Kampuni zikafa. Yule mbunifu akafa kwa ajali ya gari. Wajapani wakajenga jitu la mwisho, la kuiga hali ya hewa ya dunia nzima, likawa la kwanza ulimwenguni kwa miaka miwili hivi, likapitwa. Na mwisho ukasema vekta haikufa kweli. Imejificha ndani ya vichakato vya leo, ndani ya kadi za picha zinazoendesha akili mnemba, ndani ya simu iliyo mfukoni. Hiyo simu niliyoishika mbele ya baba ina kasi kuliko mnara wenye viti vya ngozi. Yote hayo uliyasema kwa upendo. Kila mashine iliyozimwa ulijua ilizimwa lini na ilipelekwa kupumzika makumbusho gani.

Kuna sehemu nilisimamisha video kidogo. Ulieleza kwamba zipo kazi ambazo vekta haiwezi, zile ambazo kila namba inangoja jibu la namba iliyotangulia. Hizo huwezi kuziamrisha kwa mkupuo, hata mashine iwe na nguvu kiasi gani. Zinaenda moja moja. Sasa nikuambie, kaka, kumuuguza mzazi ni kazi ya namna hiyo. Leo inangoja jana iliamkaje. Uji unangoja kama jana alimeza. Hakuna pigo moja la ngoma linalomwosha mgonjwa wiki nzima. Wewe ulilijua hilo kwa namba, ukalifundisha ukumbi mzima, na mimi nikabaki nalifanya.

Halafu ukafika kwenye mzaha. Ukasema, "Baba yangu ni mkulima asiyejua kusoma. Nilipomwambia nasomea vekta, akasikia trekta." Ukumbi ukaangua kicheko. Ukangoja kitulie kama mtu aliyezoea kukisimulia kisa hicho. Ukasema akatangazia kijiji kizima, akang'oa visiki vya shamba zima kuisubiri. Wakacheka tena. "Sikuwa na moyo wa kumsahihisha," ukasema. Kumsahihisha pale simuni hukuwa na moyo. Kumweka jukwaani moyo ulikuwepo.

Nilizima simu. Baba akaniuliza, "Amesema nini hapo?"

"Anawasimulia habari zako, baba."

"Mimi?"

"Wewe. Na shamba."

Ule upande wa uso uliokuwa bado unafanya kazi ukatabasamu. "Wamecheka," akasema.

"Wamecheka."

"Basi wamependa." Akaomba maji, akanywa, akaniambia nikuandikie kwamba amekuona, na kwamba kile kisiki kikubwa cha kaskazini mwa shamba kilishang'oka kabla hajaugua.

Nilikuandikia. Tiki za bluu.

Alifariki baada ya mavuno ya pamba. Tukamrudisha Bukundi, tukamzika kama anavyozikwa mtu aliyewapigia watu ngoma maisha yake yote. Wewe uliweka kwenye kundi la ukoo maneno mawili, "Poleni sana," na alama ya mikono iliyokutanishwa. Binamu zetu wakakujibu asante. Mimi sikujibu, na sijutii.

Baada ya mazishi nilikaa nikaangalia kipande cha video kilichobaki, kile nilichokizima ili baba asisikie toni yako. Na hata baada ya kukiangalia, kaka, nilikuandikia tena kukuomba ruhusa ya shamba kwa heshima zote. Nilitaka uwe na nafasi ya kulisema jambo lile vizuri, kama mtoto wa mtu. Jumbe zote zile zilikuwa nafasi.

Wiki iliyopita kikao kilikaa Bukundi. Baba mdogo Maduhu hakuwa na ubaya nami, nisimsingizie. Aliongea taratibu: "Kabula, wewe umeolewa. Tukikupa wewe tumewapa wenzetu wa Bariadi. Na marehemu alilitenga kwa kinywa chake. Masanja akisema neno, mimi wa kwanza kukupigia makofi. Hajasema. Tutafanyaje sasa?" Wazee wakaitikia, ndivyo ilivyo.

Nikatoa simu. Nikawaambia nina maneno ya Masanja, aliyasema mwenyewe, nitawatafsiria bila kuongeza wala kupunguza. Wakasogea. Nikawatafsiria kwa Kisukuma, sentensi kwa sentensi: mkulima asiyejua kusoma, trekta, visiki. Kila ukumbi wako ulipocheka, niliacha kicheko kipite chote. Pale uwanjani hakuna aliyecheka, hata wale waliokuwa wanamwita Mzee Trekta kila siku ya Mungu. Nikaacha video iendelee hadi pale nilipokuwa nimemfichia baba. Ukasema, "Kwa hiyo kama kuna mtu humu ndani ana trekta, shamba lipo Tanzania, limesafishwa, halina kisiki hata kimoja. Achukue tu. Mimi silihitaji." Makofi.

Baba mdogo akasema, "Rudisha hapo." Nikarudisha. Akaniuliza, "Amesema silihitaji?"

"Amesema."

"Mbele ya watu?"

"Hao hapo wanampigia makofi."

Aliniangalia, akawaangalia wenzake, akavua kofia akaiweka gotini. "Neno tulilokuwa tunalingoja ndilo hilo," akasema. "Kalime, mayu."

Kwa hiyo sikuombi kitu, kaka. Nakutaarifu tu kwamba shamba limepata mtu, na uliyelitoa ni wewe, kwa kipaza sauti. Muhtasari umeandikwa, wazee wametia saini, mwenyekiti wa kijiji amegonga mhuri. Mwaka huu napanda alizeti. Mwakani nitaona.

Kwa ajili ya shamba, usije. Kwa ajili ya kaburi, njoo siku yoyote, hata bila kuniambia. Liko upande wa zizi. Hulijui, itabidi uulize.

Mdogo wako,
Kabula